Rekodi za simu hazionekani kwenye Android? Tafuta hivi kabla hujafuta kitu

Hapa mezani kwangu ukitoa vioo vilivyopasuka na simu zilizolowa, kitu kinachofuata kuletwa sana ni hiki: "fundi, nilirekodi maongezi, sasa sioni yameenda wapi." Na mara nyingi rekodi ipo, haijaenda popote, imekaa sehemu ambayo mwenye simu hajawahi kuingia. Shida ni kwamba watu wanafika kwangu wakiwa wameshahangaika siku mbili, wameshusha aplikesheni tatu za kurudisha mafaili, wamefuta hiki na kile ili kupata nafasi, na hapo ndipo kitu kilichokuwepo kinapotea kweli. Kwa hiyo naomba usome kwanza, halafu ndio ushike simu.

Kabla ya yote: nani alirekodi?

Android haina sehemu moja ambayo rekodi zote za simu zinaenda. Kila programu inayorekodi inajiwekea pake. Kwa hiyo swali la kwanza sio "rekodi iko wapi", swali ni "ilirekodiwa na nini". Ziko tatu: programu ya simu ya Google, programu ya simu ya kampuni iliyotengeneza simu yako (Samsung, Oppo, Xiaomi na wenzao), au aplikesheni uliyoshusha mwenyewe.

Namna ya kujua ni rahisi. Kama ukibonyeza kurekodi inasikika sauti ya mtu inatangaza kwamba simu hii sasa inarekodiwa, na yule wa upande wa pili anaisikia, basi karibu kila mara hiyo ni ya Google. Kama inarekodi kimya kimya na kitufe kiko hapo hapo kwenye skrini ya maongezi, ni ya kampuni ya simu. Na kama kuna kialama kinaelea pembeni ya skrini ukiwa unaongea, hiyo ni aplikesheni ya kushusha.

Ukishajua hilo, umemaliza nusu ya kazi.

Dalili ya 1: "Nilirekodi lakini sioni faili popote"

Sababu inayoongoza: *unatafuta kwenye mafaili wakati rekodi iko ndani ya programu ya simu yenyewe.* Hii ndio ya Google. Rekodi zake hazitokei kwenye kidhibiti mafaili, hazitokei kwenye muziki, unaweza kupekua folda mpaka asubuhi. Fungua programu ya simu, nenda kwenye orodha ya simu ulizopiga na kupokea, pameandikwa Recents au kwenye toleo jipya Home, gusa ile simu yenyewe halafu ingia kwenye historia yake, utakuta sehemu ya kuchezesha. Ukiipata usiridhike kuisikiliza tu, bonyeza kitufe cha kushiriki, itume kwenye barua pepe yako au Google Drive, ili iwe faili unaloweza kulishika. Na usifute ile historia ya simu, maana ndio mlango wako wa kuifikia.

Sababu ya pili: *uko kwenye folda ya kampuni nyingine.* Mtu ana Samsung anafuata maelekezo ya Xiaomi. Fungua kidhibiti mafaili (kile kinachoitwa Files, My Files au File Manager), ingia kwenye hifadhi ya ndani, halafu:

- Samsung: folda Recordings, ndani yake Call. Hiyo ni kuanzia Android 12. Kabla ya hapo ilikuwa folda Call imekaa peke yake nje. Njia ya mkato: programu ya simu, vidoti vitatu, Settings, Record calls, halafu Recorded calls.
- Xiaomi, Redmi na Poco zenye programu ya simu ya MIUI (mfumo wa Xiaomi wenyewe): folda MIUI, kisha sound_recorder, kisha call_rec. Ila Redmi nyingi za miaka hii zinakuja na programu ya simu ya Google, kwa hiyo rudi kwenye sababu ya kwanza.
- Oppo na Realme: Music, kisha Recordings, kisha Call Recordings. Za zamani ni Recordings moja kwa moja.
- Vivo: tafuta folda Record au Recordings, ndani kuna Call.
- Huawei: Sounds, kisha CallRecord.
- Tecno, Infinix na itel: hizi zinabadilika toleo kwa toleo, kwa hiyo usikariri njia. Tumia kisanduku cha kutafutia, andika "record", halafu "call". Ikikataa, fanya jaribio nitakaloeleza hapa chini.

Hapo kwa Samsung nikae kidogo. Kuna mama alikuja na simu yake, anatafuta maongezi ya marehemu mumewe, mzee alikuwa amempigia akiwa safarini akamtajia mashahidi waliokuwepo siku ya kulipia kiwanja. Watoto walikuwa wameshapekua Recordings, wakaona rekodi za miaka ya karibuni tu, wakamwambia mama zile za zamani zimefutika. Nikamwambia mama tulia kwanza. Nikatoka nje ya Recordings nikashuka chini kwenye orodha, nikakuta Call, ya zamani, ipo pale pale. Ndani yake mafaili kama mia na kitu, na moja limeandikwa "Call recording Baba Neema_210804_191522.m4a". Zile namba sio za bahati nasibu, 210804 ni mwaka 2021 mwezi wa 8 tarehe 4, na 191522 ni saa 19:15, yaani saa moja na robo usiku. Mama akasema "ndio, tulikuwa tunakula." Hatukuhitaji kusikiliza mafaili mia. Kwa hiyo ukiwa na Samsung iliyopitia masasisho, angalia kote kuwili, na jifunze kusoma jina la faili, litakuokolea masaa.

Kama namba hukuisevu, jina la mtu halitakuwepo, itakuwepo namba. Tafuta kwa tarakimu nne za mwisho badala ya jina, maana huko mbele inaweza kuwa imeanza na 0 au +255.

Sababu ya tatu: *iko kwenye memori kadi.* Ukiwa ndani ya kidhibiti mafaili hakikisha umeangalia hifadhi zote mbili, ya ndani na ya kadi. Kama kadi ulishaitoa ukaipa mtoto aweke miziki, unajua pa kuanzia.

Sababu ya nne: *unatafuta kwenye programu ya muziki.* Folda nyingi za rekodi zimewekewa kifaili kidogo kinaitwa .nomedia ambacho kinaiambia simu isionyeshe sauti za humo kwenye muziki. Na kuna folda zilizoanza na nukta, hizo zimefichwa, mpaka uingie setingi za kidhibiti mafaili uwashe kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Sababu ya tano, hii inauma: *iko kwenye folda binafsi ya aplikesheni uliyoshusha.* Kuanzia Android 11 kidhibiti mafaili hakikuruhusu kuingia kirahisi Android/data, na ndipo baadhi ya aplikesheni zinaweka vitu vyake. Fungua aplikesheni yenyewe, tafuta sehemu ya kutoa nje au kushiriki. Usiiondoe aplikesheni kwenye simu! Ukiiondoa, folda yake binafsi inafutwa nayo papo hapo.

*Jaribio la kumaliza ubishi.* Kama bado hujaona, mpigie mtu wa nyumbani sekunde kumi, rekodi vile vile ulivyorekodi siku ile, kata. Sasa fungua kidhibiti mafaili, ingia sehemu ya sauti, panga kwa tarehe, mpya juu. Lile la kwanza ndilo ulilorekodi sasa hivi. Libonyeze kwa muda, fungua maelezo yake, utaona njia nzima imeandikwa. Pale lilipo hilo jipya ndipo na ya zamani yalipo, kama hujabadilisha programu katikati. Na kama jipya halionekani kabisa, basi ni kati ya mawili, ama liko ndani ya programu ya simu ama simu yako hairekodi. Jaribio hili usilifanye kama unahisi faili limefutwa, soma dalili inayofuata kwanza.

Dalili ya 2: "Zilikuwepo, leo hazipo"

Hapa ndipo mikono inatakiwa itulie. Faili likifutwa, simu inaweka alama kwamba pale pako wazi, na kitu chochote kipya kinaweza kukaa juu yake. Kila picha unayopiga, kila video ya WhatsApp inayojishusha yenyewe, inakupunguzia uwezekano wa kulirudisha. Zima data na waifai, halafu angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza *kapu la taka*. Kidhibiti mafaili cha Samsung na cha Google vyote vina kapu, na vitu vinakaa humo siku 30. Watu wengi wanafuta rekodi bila kujua halafu hata kapu hawajui kama lipo. Angalia pia ndani ya programu ya kurekodi sauti iliyokuja na simu, baadhi zina kapu lao.

Pili *kujifuta kwenyewe*. Programu ya simu ya Google ina seting ya kufuta rekodi baada ya siku 7, 14 au 30, au isifute kabisa. Iko kwenye setingi za programu ya simu, sehemu ya Call recording. Dada mmoja alirekodi dalali akimwahidi kurudisha pesa ya nyumba mwisho wa mwezi, akasubiri kwa uungwana mwezi ukaisha, dalali akakana, anafungua simu rekodi imeshajifuta. Iliniuma sana kwa sababu hakuna nilichoweza kumfanyia. Kaangalie seting yako leo, weka isifute.

Tatu *programu za kusafisha simu*. Zile zinazokuambia simu imejaa takataka, bonyeza hapa usafishe. Zinakusanya mafaili makubwa na ya zamani kwenye orodha moja, mtu anaweka tiki zote, anafuta, na rekodi za simu zimo humo humo.

Nne *umehamia simu nyingine*. Bakapu ya Google inachukua namba, meseji, historia ya simu na data za aplikesheni, lakini mafaili ya sauti yaliyokaa kwenye folda haiyabebi, na Google Photos haibebi sauti. Kwa hiyo kama simu ya zamani bado ipo, hata kama kioo kimekufa, usiiuze na usiirisetishe, rekodi ziko kule.

Tano *simu imerisetishwa* ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Hapa nasema wazi bila kuzunguka: simu zilizotoka kiwandani na Android 10 kuja juu mafaili yake yamefungwa kwa ufunguo maalumu, na kurisetisha kunafuta ule ufunguo. Kilichobaki ndani ni vurugu isiyosomeka. Fundi akikuambia atakurudishia kwa laki moja, usitoe hata shilingi.

Na hizi aplikesheni za kurudisha mafaili? Nyingi kwenye simu isiyo na ruti (yaani ambayo haijafunguliwa ulinzi wa mfumo) zinaona tu vijipicha vidogo vidogo na mabaki, na kuishusha kwenyewe kunaandika juu ya kile unachotafuta. Ikikuomba uruti simu, acha. Kuna simu nyingi ambazo kufungua buti (bootloader, kufuli la kuwashia mfumo) ili uruti kunafuta kila kitu kwanza.

Kama faili lilikuwa kwenye *memori kadi*, hapo kuna matumaini ya kweli. Itoe kadi, usiiweke tena kwenye simu, ipeleke kwa mtu mwenye kompyuta na programu ya kurudisha mafaili, na mwambie kilichopatikana akiweke kwenye kompyuta, sio kwenye kadi hiyo hiyo. Kadi ikisema inataka kufomatiwa kataa, bonyeza rudi nyuma.

Dalili ya 3: "Faili lipo ila halifunguki"

Mara nyingi ni mchezeshaji. Rekodi za simu za zamani ziko kwenye mfumo wa AMR, na wachezeshaji wengi wa muziki hawaujui. Jaribu VLC, ni ya bure na inafungua karibu kila kitu.

Ikigoma, angalia ukubwa wa faili. AMR dakika moja ni kama KB 90, m4a dakika moja inaweza kufika MB 1. Kwa hiyo maongezi ya dakika kumi yenye KB 2 ni ganda tupu, ndani hamna kitu, usipoteze muda. Inatokea simu ikiwa imejaa, au ikizima chaji katikati ya maongezi kabla haijafunga faili. Zile zilizokatika katikati lakini zina ukubwa wa kueleweka, nakili kwanza kwenye kompyuta na ufanyie majaribio ile nakala. La asili liache lilivyo.

Na usibadilishe kiambishi cha mwisho wa jina kwa mkono ukidhani unageuza faili, kutoa .amr na kuandika .mp3. Hujageuza kitu, umeliita jina la uongo tu.

Dalili ya 4: "Linacheza, ila nasikia sauti yangu peke yangu"

Hapa kuna historia fupi. Google walianza kubana kurekodi simu kwenye Android 9 mwaka 2018, Android 10 ikabana zaidi, aplikesheni zikawa zinapitia njia ya huduma za ufikivu, zile zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na tarehe 11 Mei 2022 sera ya Play Store ikakataza na hiyo. Ndio maana aplikesheni iliyokuwa inakufanyia kazi vizuri zamani sasa inakupa upande mmoja. Programu ya simu iliyokuja na simu yako haiguswi na katazo hilo, ndio inayorekodi pande zote.

Sababu nyingine ni za kawaida: ulikuwa unaongea kwa bluetooth, au ulirekodi na kirekodi sauti cha kawaida ambacho kinategemea maiki, kinakusikia wewe na yule mwingine kwa mbali. Upande wa pili ukiwa upo ila ni hafifu, vaa hedifoni za waya, sikiliza chumba kimya, unaweza kushangaa. Kama haupo, haupo, hakuna fundi wa kuuleta. Kwa siku zijazo weka spika ya nje.

Dalili ya 5: "Kitufe cha kurekodi hakipo"

Basi hakuna kilichorekodiwa. Kitufe kinategemea nchi ambayo simu imetengenezewa kuuzwa. Samsung iliyotoka Marekani au Ulaya ukiinunua huku ikiwa yuzd mara nyingi haina kitufe, wakati model ile ile iliyoletwa kwa soko letu inacho. Kabla ya kununua piga simu moja uone. Wapo mafundi watakaokuambia wataflashi, yaani watabadilisha mfumo wa simu waweke wa nchi nyingine, mimi siwashauri watu kwa simu yenye vitu vya maana ndani, kuflashi vibaya kunaua simu.

Maongezi ya WhatsApp nayo hayarekodiwi na programu ya simu, usiyatafute kwenye folda hizi.

Kama rekodi ni ya kesi, ishia hapa

Vitisho, deni, mirathi, unyanyasaji. Ukishaiona, usiikate, usiigeuze mfumo, usiibadilishe jina, na usiihamishe, inakili tu. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kifungu cha 18 inaitaka mahakama iangalie kama ushahidi huo ulitunzwa kwa njia ya kuaminika, na Kenya kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati ya kuthibitisha faili lilivyotoka kwenye kifaa. Simu yenyewe ndio yenye thamani, sio sauti uliyorusha WhatsApp. Ukihitaji kumtumia wakili, itume kama dokumenti, sio kama sauti, lifike na jina lake na ukubwa wake. Usilirushe kwenye magrupu, maana maongezi ya mtu ni taarifa zake binafsi na Tanzania ina sheria ya kuzilinda tangu 2022, unaweza kuanza kama mlalamikaji ukamalizia kama mlalamikiwa.

Na kama simu iliyobeba rekodi hiyo imelowa, haiwaki au inachemka, usiichaji kujaribu bahati. Izime, usiweke kwenye mchele, mpelekee fundi mwenye mikroskopu anayetengeneza bodi, na kabla hajagusa kitu mwambie maneno haya: "sihitaji simu iwake vizuri, nahitaji mafaili yaliyomo." Fundi asiyejua hilo ataanza kwa kuirisetisha.